Barua ya Wazi: Kabla ya Kutuahidi Kiwanda Kipya cha Matunda, Viokoeni Vilivyopo

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya Viwanda na Biashara, Kilimo, na Fedha,
Dodoma.

YAH: USINDIKAJI WA MATUNDA NA SOKO LA NJE

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Ninaandika nikiwa mmiliki wa kiwanda kidogo cha kusindika matunda wilayani Muheza, mkoani Tanga. Wapo pia wasindikaji wenzangu wa hapa, wa Korogwe na wa Handeni walioisoma barua hii kabla yenu, wakakubaliana nayo, wakaomba nisiwataje. Hatukukimbilia hadharani. Tulianzia wilayani, tukapanda mkoani, tukaandika wizarani. Majibu tuliyopata yalikuwa na adabu, na yote yalifanana: barua imepokelewa, suala linafanyiwa kazi, muwe na subira. Subira tunayo. Matunda ndiyo hayana.

Ahadi ya kiwanda kikubwa cha machungwa Muheza ni kongwe kuliko baadhi ya wapiga kura wetu. Kila msimu wa kampeni inarudi, na kila ikirudi mwekezaji ni mpya. Sipingi mwekezaji mkubwa. Akija nitamuuzia rojo, yaani nyama ya tunda iliyosagwa. Ninachopinga ni kwamba ahadi hiyo imekuwa sababu ya kutoshughulikia kinachotuua sisi ambao tayari tupo, tuna mashine, tuna wafanyakazi, na tunafanya kazi miezi michache kwa mwaka halafu tunafunga mlango.

Niseme kwanza kwa nini jambo hili linanikera sasa kuliko zamani.

Mwaka 2024 bei ya juisi ya machungwa iliyokolezwa katika soko la New York ilipanda hadi kiwango ambacho hakikuwahi kufikiwa. Sababu zake hazikuwa siri. Jimbo la Florida nchini Marekani, lililovuna masanduku milioni 242 ya machungwa katika msimu wa 2003/04, lilivuna takriban milioni 12 tu katika msimu wa 2024/25, baada ya mashamba kuliwa na ugonjwa wa kijani wa michungwa na kupigwa na vimbunga. Brazil, inayoongoza duniani kwa juisi hiyo, nayo ilikuwa inapambana na ugonjwa huohuo na ukame juu yake. Wanunuzi waliokuwa wamezoea milango miwili wakaanza kubisha hodi kwingine. Hapa kwetu, mwaka ule machungwa yaliondoka kama yanavyoondoka miaka yote: mabichi, juu ya malori ya Fuso, mengine Dar es Salaam, mengine Horohoro na kuvuka kwenda Kenya. Yaliyokosa Fuso yalibaki chini ya miti. Bei ile imekwisha kushuka. Dirisha lilifunguka, likafungwa, na hatukuwa na cha kupitisha.

Tafadhalini tufanye hesabu pamoja, kwa sababu hoja nzima iko humu. Unahitaji takriban kilo mbili za machungwa kupata lita moja ya juisi. Juisi hiyo ina sukari ya asili ya kipimo cha briksi 11 hivi, yaani gramu 11 hivi za sukari katika kila gramu 100 za juisi. Ukiikoleza hadi briksi 65, ambacho ndicho kiwango kinachouzwa duniani, uzito unapungua karibu mara sita. Kwa maneno mengine, malori kumi na mawili ya machungwa yanaingia ndani ya lori moja la juisi iliyokolezwa, na lori hilo halina haraka ya kufika. Hayo mengine kumi na moja tunayoyalipia mafuta, dereva na ushuru yanabeba maji, maganda na makapi. Maganda yenyewe yana mafuta yanayotafutwa na watengenezaji wa manukato na sabuni, na makapi ni chakula cha ng'ombe. Kwa sasa tunavipeleka vyote kwa jirani bila malipo. Simlaumu jirani. Mfanyabiashara wa Kenya anakuja na fedha mkononi, na mimi ningekuwa mkulima ningemuuzia yeye.

Embe na nanasi wana hadithi yao, na pengine ni nzuri zaidi. Tangu Septemba 2019 Umoja wa Ulaya unataka ushahidi mzito kwamba embe bichi linaloingia kwake halina nzi wa matunda, na sote tunajua nzi huyo aliyeonekana nchini mwaka 2003 ameshajenga nyumba kuanzia Mkuranga hadi Tabora. Kwa embe bichi, mlango huo ni mwembamba mno. Lakini nzi wa matunda haishi ndani ya pipa la rojo iliyopikwa na kufungwa ipasavyo, wala kwenye kipande cha embe kilichokaushwa. Usindikaji unaruka ukuta ambao mkulima peke yake hawezi kuuruka. Na tukishauruka, ushuru wa forodha haupo: Tanzania, ikiwa bado katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni, inaingiza bidhaa Ulaya bila ushuru chini ya utaratibu ulioanza mwaka 2001 wa Kila Kitu Isipokuwa Silaha. Hiyo ni nafasi ambayo jirani zetu wengine hawana kwa misingi hiyo, na haitadumu milele, kwa sababu tunasema kila siku kwamba tunataka kutoka kwenye orodha ile.

Sasa nieleze malalamiko yetu.

1. Kiwanda kinasubiriwa huku viwanda vipo.

Pwani imeonyesha kwamba inawezekana. Kiwanda kikubwa cha kusindika matunda kilizinduliwa Mwandege, Mkuranga, mwaka 2016, na wakulima wa maembe wa ukanda ule wanajua tofauti kati ya msimu wenye mnunuzi wa uhakika na usio naye. Hongera kwa waliohusika. Lakini somo lililochukuliwa na viongozi wetu ni kwamba kila eneo lenye matunda linahitaji jengo la namna ile. Hapana. Tazameni Burkina Faso, nchi isiyo na bahari. Inauza embe lililokaushwa Ulaya kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanywa na vikundi na viwanda vidogo vya kandokando ya Bobo-Dioulasso na Orodara, vyenye makaushio ya gesi na akina mama wenye visu, kisha mzigo unasafirishwa kupitia bandari za nchi jirani. Sisi tuna bahari, tuna embe, tuna nanasi la Kiwangwa, na akina mama wenye visu tunao.

Katika juisi ya machungwa iliyokolezwa hatutashindana na São Paulo ya Brazil, na katika rojo ya embe hatutashindana na India kwa wingi. Nasema hivyo kwa sababu nimechoka kusikia kwenye makongamano kwamba tutaliteka soko la dunia. Nafasi yetu ni ndogo na ina fedha: matunda yaliyokaushwa bila kemikali, rojo ya nanasi na ya pasheni, juisi isiyokolezwa kwa masoko ya karibu, na bidhaa za kilimo hai kutoka kwa wakulima ambao mashamba yao hayajawahi kuona dawa kwa sababu tu hawana fedha za kuinunulia. Mzigo wa namna hiyo unasindikwa vizuri katika viwanda vya kati na vidogo. Kinachotakiwa ni viwanda hivyo viweze kupumua.

2. Fedha za VAT (kodi ya ongezeko la thamani) zinazokaa kwa wengine.

Hili nalitaja mapema kwa sababu ndilo linalofunga viwanda kimyakimya. Sheria ya VAT ya mwaka 2014 inamtoza anayeuza nje ya nchi asilimia sifuri, maana yake ni kwamba kodi aliyolipia vifungashio, mashine na huduma anastahili kurejeshewa. Kwenye karatasi hakuna utaratibu mzuri kuliko huo. Sheria hiyohiyo inatoa siku 90 za kufanya uamuzi. Kiutendaji, msindikaji anayeuza nje anajikuta kila mwezi anaidai Serikali, na deni hilo ndilo mtaji wake wa kununulia matunda ya msimu unaofuata. Msimu unaanza, fedha bado ziko kwenye uhakiki. Msimu unaisha, anaitwa kuleta nakala nyingine ya hati aliyokwisha kuileta. Wenzetu wa vinywaji waliowahi kusubiri kurejeshewa ile asilimia 15 ya nyongeza waliyolipia sukari ya viwandani hawahitaji maelezo yangu.

Kuna kundi la pili ambalo halisemewi kabisa. Tangu Julai 2023 kiwango cha mauzo kinachomlazimu mfanyabiashara kujisajili na VAT kilipandishwa kutoka shilingi milioni 100 hadi milioni 200 kwa mwaka. Nia ilikuwa kumpunguzia mdogo mzigo, na kwa mwenye duka imesaidia. Lakini kwa msindikaji mdogo anayenunua mifuko maalumu ya kuhifadhia rojo, chupa, vifuniko, lebo na maboksi, kodi hiyo ipo ndani ya kila kimoja, na asiyesajiliwa hana pa kuidai. Kwa hiyo nchi inayotaka kuuza nje inamtoza kodi anayejaribu kuuza nje, na inamtoza kwenye gamba la bidhaa, si kwenye faida. Mifuko yenyewe tunaagiza nje.

3. Wakaguzi wanaokuja mmojammoja.

Nikiri kwamba tangu mwaka 2019, usalama wa chakula ulipohamishiwa Shirika la Viwango (TBS) badala ya kugawanywa kati ya taasisi mbili, njia imefupika. Huo ulikuwa uamuzi wa maana. Mpango wa maboresho ya mfumo wa udhibiti wa biashara uliopitishwa mwaka 2018 uliahidi mengi zaidi ya hayo: kuunganisha ada, kukagua kwa pamoja, kutambua cheti cha mwenzako. Kiwandani kwetu bado wanakuja wa viwango, wa mazingira, wa usalama mahali pa kazi, wa zimamoto, wa vipimo, wa afya wa halmashauri na wa leseni, kila mmoja kwa siku yake, na wengi hutokea msimu ukiwa umepamba moto, wakati ambapo kusimamisha mashine kwa asubuhi moja ni kutupa tani za matunda. Mmoja aliwahi kutuandikia kosa ambalo lilikuwa agizo la aliyemtangulia. Tulipoonyesha barua ya yule wa kwanza alisema hiyo ni taasisi nyingine.

Sitaki wakaguzi waondolewe. Mnunuzi wa Ulaya anaagiza ukaguzi mkali kuliko wao, na tunaulipia sisi. Nataka waje pamoja, waje kabla ya msimu, na waandike karatasi moja.

4. Fedha za msimu, na kwa nini ubora unaanzia benki.

Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ndipo mzizi ulipo.

Viongozi wanapotuambia kwamba wakulima wetu wana matunda yasiyo na ubora, wanasema kweli nusu. Nusu nyingine ni hii. Mkulima wa Mtindiro au Songa ana ada ya shule ya kulipa Januari. Dalali anamfuata mchungwa ukiwa bado na maua, anampa fedha, shamba linakuwa lake. Tangu hapo anayeamua siku ya kuchuma ni mwenye fedha, na mwenye fedha anachuma mapema ili afike sokoni kabla ya wenzake. Chungwa lililochumwa mapema ni chachu. Viwango vya kimataifa vya juisi inayorudishiwa maji baada ya kukolezwa vinataka angalau briksi 11.2 kwa chungwa, 12.8 kwa nanasi na 13.5 kwa embe. Chini ya hapo bidhaa haiitwi juisi kamili, na mnunuzi anakata bei au anarudisha mzigo. Mkulima hakukosea kilimo. Aliuza mapema kwa sababu hakuna aliyemkopesha hadi matunda yaive. Mara nyingi tunamtuma bwana shamba kwenda kutibu ugonjwa ambao dawa yake iko kwa meneja wa benki.

Mimi ningeweza kumkopesha mkulima huyo badala ya dalali, kama mimi mwenyewe ningekopesheka. Mwaka 2021 Benki Kuu ilitangaza hatua nzuri, ukiwemo mfuko maalumu wa shilingi trilioni moja wa kuzikopesha benki ili nazo zikopeshe sekta binafsi, pamoja na unafuu kwa benki zinazokopesha kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10. Tulifurahi. Kisha tukaenda benki. Tuliulizwa hati ya kiwanja mjini. Tuliulizwa hesabu zilizokaguliwa za miaka. Mmoja wetu mkopo wake ulipitishwa machungwa yakiwa yamekwisha mitini, akawa anatafuta matunda ya kununua kwa mkopo aliokwisha kuanza kulipia riba.

Pendekezo letu tuliliandika, na hatujui liliishia kwenye meza ipi. Nchi ina Sheria ya Stakabadhi za Ghala tangu mwaka 2005. Korosho zinaingia ghalani, mkulima anapata karatasi, karatasi inamkopesha. Chungwa bichi haliwezi kuwekwa ghalani, na tunaomba kwa heshima yote asitokee mtu akaagiza lipelekwe huko. Lakini pipa la rojo iliyofungwa bila vijidudu linakaa ghalani mwaka mzima au zaidi bila umeme wa baridi. Embe lililokaushwa na kufungwa vizuri nalo linakaa. Pipa hilo lina uzito unaojulikana, briksi inayopimika, na bei inayoulizwa katika bandari ya Rotterdam, Uholanzi. Kwa nini lisiwe dhamana? Msindikaji akisindika mapipa ya wiki ya kwanza ya msimu, akayaweka kwenye ghala lenye leseni na kupata asilimia fulani ya thamani yake, ana fedha za kununulia matunda ya wiki ya tatu. Mzunguko unajijenga wenyewe, bila ruzuku, na bila hati ya kiwanja mjini.

5. Maabara.

Mnunuzi anataka majibu ya mabaki ya viuatilifu, ya vijidudu, na ya metali nzito, kutoka maabara ambayo ithibati yake anaitambua kwa kipimo hichohicho. Sampuli yetu inasafiri hadi Dar es Salaam, na kipimo kikikosekana inasafiri nje ya nchi kwa gharama inayoweza kula faida ya mzigo mdogo wote. Kwa mwenye kontena kumi gharama hiyo haionekani. Kwa mwenye mapipa arobaini ndiyo biashara yenyewe.

6. Bandari iliyochimbwa na mzigo usiopita.

Serikali imetumia shilingi bilioni 429.1 kuiboresha Bandari ya Tanga. Kina kimeongezwa kutoka mita 3 hadi 13, na gati la mita 450 lipo. Muheza iko chini ya kilomita 50 kutoka hapo. Rojo na matunda makavu havihitaji kontena la baridi, kwa hiyo hata kisingizio cha vifaa hakipo. Tunachohitaji ni ratiba ya meli za makontena inayoaminika na dawati moja la hati za kusafirishia, ili mzigo wa Tanga usilazimike kwenda Mombasa kwa barabara na kuonekana kule kama mgeni.

7. Lebo za uongo hapa nyumbani.

Kiwanda kinachouza nje kinasimama kwa mguu wa soko la ndani. Nendeni dukani mkasome chupa zenye picha ya embe kubwa. Nyingi ni maji, sukari, rangi na ladha. Viwango vinatofautisha juisi kamili, nekta na kinywaji chenye ladha. Nekta ya embe inatakiwa kuwa na angalau robo ya tunda. Mnunuzi haelezwi tofauti hiyo kwa maandishi anayoweza kuyasoma bila miwani, na anayeweka tunda la kweli anashindana kwa bei na anayeweka picha ya tunda. Nimehudhuria warsha ya kuongeza thamani ya matunda yetu ambako mezani tuliwekewa boksi za juisi zilizosindikwa ng'ambo. Hakuna aliyecheka isipokuwa mhudumu.

Najua majibu yatakayokuja, kwa kuwa baadhi nimeshapewa.

Mtasema Serikali imekwisha kupunguza tozo. Ni kweli, mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na tunashukuru. Lakini halmashauri bado inamtoza ushuru msindikaji anayebakiza thamani wilayani na mchuuzi anayeiondoa, kana kwamba ni mtu mmoja. Mtasema halmashauri itapoteza mapato ikimsamehe msindikaji. Chungwa lililooza chini ya mti halijawahi kulipa ushuru. Likisindikwa linazaa mishahara, ushuru wa huduma, bili ya maji na ya umeme.

Mtasema umeme. Hilo jibu lilikuwa na nguvu zamani. Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 limejengwa Rufiji, katikati ya mikoa inayolima maembe, na mnatuambia sasa kuna ziada. Tunaamini. Basi ziada hiyo ipite kwenye nyaya za Muheza bila kukatika saa ambayo rojo iko kwenye joto la kuua vijidudu, maana umeme ukikatika pale, kundi zima linamwagwa.

Mtasema uzalishaji ni mdogo na hauna uhakika. Unapungua kweli katika mashamba mengi, kwa sababu miti ni mizee na miche mipya inanunuliwa kando ya barabara bila cheti. Na hapo kuna hatari ambayo sisikii ikitajwa: mdudu wa Asia anayesambaza ule ugonjwa ulioimaliza Florida aligunduliwa Morogoro katika miaka ya 2010. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano kiko hapahapa Muheza. Kikipewa fungu la kuzalisha miche safi ya michungwa na kuwapa vijana wenye vitalu mafunzo na cheti, tutakuwa na cha kusindika miaka kumi ijayo. Bila hivyo, hata huyo mwekezaji mkubwa atakuja kufungua jengo lisilo na machungwa.

Na mtasema mkakati unaandaliwa. Kwa hilo sina jibu, ila naomba tupewe nakala.

Tunachoomba ni haya, na tumeyapanga kwa namna yanavyoweza kuanza bila kusubiri bajeti mpya. Kwanza kabisa, marejesho ya VAT ya wauzaji wa bidhaa za matunda nje yaamuliwe ndani ya siku 90 za sheria, na anayecheleweshewa ajibiwe kwa maandishi sababu ni nini; pamoja na hilo, vifungashio vya kusindikia matunda ambavyo havitengenezwi nchini vipewe msamaha wa VAT hata kwa asiyesajiliwa. Ukaguzi wa taasisi zote ufanyike kwa siku moja, kabla ya msimu, kwa ratiba inayotangazwa na ofisi ya mkoa. Mamlaka zinazosimamia stakabadhi za ghala zikae na benki na wasindikaji zitengeneze utaratibu wa majaribio wa rojo na matunda makavu, hata kama ni kwa ghala moja tu la Tanga. Ushuru wa mazao uondolewe kwa matunda yanayosindikwa ndani ya wilaya yalikolimwa. Maabara za umma zipate ithibati ya vipimo vinavyotakiwa na wanunuzi wa nje, na mzigo mdogo utozwe kwa kadiri ya ukubwa wake. TARI Mlingano ipewe kazi ya miche. Lebo zisimamiwe kwa viwango vilivyopo. Hapo hatuombi sheria mpya.

Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi nane zilizochaguliwa Oktoba 2022 kuanza biashara ya majaribio ndani ya Eneo Huru la Biashara la Afrika. Ningependa siku moja orodha ya bidhaa zetu katika eneo hilo iwe na rojo ya nanasi na juisi ya machungwa kwa wingi unaoonekana, si sampuli za maonyesho ya Sabasaba.

Msimu mkubwa wa machungwa Muheza hujaa katikati ya mwaka. Tunaomba kikao na wawakilishi wa wizara zenu tatu, kwa pamoja, kabla mavuno hayajaanza, na tunaomba kifanyike Muheza ili waone mashine zilizofunikwa turubai. Ukumbi tutautafuta sisi. Juisi pia tutaleta sisi. Baada ya kikao tunaomba muhtasari wenye jina la mhusika na tarehe kwa kila jambo, na tutauchapisha hadharani kama tulivyochapisha barua hii, pamoja na yale yatakayokuwa yametekelezwa.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Msindikaji wa matunda, Muheza
kwa niaba ya wasindikaji wadogo wa Muheza, Korogwe na Handeni

Nakala:
Mkuu wa Mkoa, Tanga
Wakurugenzi wa Halmashauri za Muheza, Korogwe na Handeni
Wabunge wa majimbo husika